Betri Iliyokwenda Kuposa

Kipaza sauti kilizimika katikati ya neno. Msemaji wa familia ya bibi harusi, mzee mwenye kitambi na maneno matamu, alikuwa ameinua mkono akiwaambia wageni kwamba hapa hakuna binti wa jina hilo, wamekosea njia, labda wajaribu kwa jirani. Watu chini ya mahema meupe walikuwa hoi kwa kicheko, kwa sababu kila mmoja alijua binti yuko ndani na harusi yenyewe imeshapangwa hadi ukumbi. Ghafla mdomo wa mzee ukawa unacheza bila sauti. Mtu wa muziki akainama kwenye mashine zake, akavuta waya huu, akachomeka ule. Katika ukimya ule, kutoka kiti cha pili kulia kwangu, nikaisikia sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwa miaka, ikisema bila hata kugeuza shingo: "Harima, hii nayo mutasema ni mimi?"

Nilicheka hadi nikatafuta kitambaa cha kufuta macho. Mama niliyekaa naye, ambaye hatukuwa tunafahamiana, alinitazama kwa huruma akidhani nalia. Aliyesema ni Mama Aline, mwenye nyumba wangu wa zamani, sasa amezeeka, amejitanda mshanana wa zambarau, vazi lao la sherehe, na mkoba umelala mapajani. Mbele kabisa alikaa Faustin, baba wa bibi harusi, tuliyefanya kazi pamoja ujanani mwangu. Siku ya kuposwa binti yake baba hana kauli. Kusema ni kazi ya msemaji. Kwa mtu anayependa kueleza mambo kama Faustin hiyo ni adhabu tosha. Akanitazama kwa mbali, akamtazama Mama Aline, akaelewa tunachekea nini, na mabega yake yakaanza kutikisika ndani ya suti.

Wanangu wamewahi kuniuliza kwa nini huwa nawafundisha vijana ofisini kwetu kuchomoa waya wa umeme kabla ya kusema kazi imekamilika. Wananiona mkaidi. Nikiwaambia ni kwa sababu ya posa moja huko Kinyinya, wanadhani nawakwepa. Nimeandika programu za vifaa vidogo kwa muda mrefu sasa, katika miji kadhaa, na wakubwa wa kila aina, lakini kazi hii niliijua mwaka ule mmoja, katika chumba kimoja, na nikisema kweli niliijulia zaidi mezani kwa Mama Aline kuliko kwenye kompyuta.

Nilikuwa nimetoka chuo na kuja Kigali kwa kibarua nilichodhani ni cha msimu tu. Kinyinya ilikuwa inajengwa mchana kutwa. Kila nikifungua mlango asubuhi niliona ukuta mpya mahali palipokuwa na migomba, na vumbi jekundu liliingia hadi kwenye mswaki. Mama Aline aliishi nyumba ya mbele peke yake, kwa kuwa binti yake alikuwa shule ya bweni. Vyumba vya uani alitupangisha sisi. Chumba kikubwa kilikuwa karakana yetu. Kidogo, kilichopakana na jiko lake, nililala mimi. Ukuta baina yetu ulikuwa mwembamba kiasi kwamba nilijua ameamka kwa kusikia kifuniko cha chupa ya chai, na nilijua ana mgeni wa heshima kwa kusikia vikombe vya kabatini vikishushwa.

Meza ya karakana ilikuwa mlango. Fundi aliukata vibaya, haukuingia kwenye fremu yoyote ya nyumba ile, basi Mama Aline akatupa tuulaze juu ya matofali. Kitasa chake kilibaki, nasi tulitundikia nyaya. Juu ya mlango huo tulipanga bodi zetu, kila moja na kitaa chake cha kijani, na chini yake ilikaa betri kubwa ya lori. Betri hiyo ndiyo ilikuwa fahari ya Innocent, mkubwa wetu. Innocent alikulia Uganda, mwepesi wa kukasirika na mwepesi wa kusahau, na umeme ulikuwa umewahi kukatika akapoteza kazi ya wiki nzima. Tangu hapo alituwekea sheria: hakuna kuchomoa. Kila kitu kiliunganishwa kwenye ile betri, betri kwenye chaja, na tukitaka kuanzisha bodi upya tulibonyeza kitufe kidogo pembeni yake. Mtaa mzima ukiingia gizani, taa zetu hazikupepesa. Wageni wakija tuliwaonyesha jambo hilo kabla ya kuwaonyesha kazi yenyewe.

Kazi yenyewe ilikuwa ya maziwa. Vituo vya kukusanyia maziwa huko mashariki vina matangi ya kupozea, na umeme ukikatika usiku bila mtu kujua, asubuhi maziwa ya wafugaji wote yamechacha. Kifaa chetu kilipima joto la tangi na kumpigia simu msimamizi kabla mambo hayajaharibika. Kilikuwa kizuri isipokuwa kwa kosa moja la aibu: umeme ukikatika, chenyewe kiliimaliza betri yake ndogo na kuzimika kabla hakijapiga simu. Ushirika wa kwanza tuliowapelekea walikirudisha kwa upole. Walikubali kukijaribu mara moja tu tena, na tulijua kwamba wakikataa safari hiyo, karakana inafungwa.

Tatizo lilikuwa kwenye mapigo. Ndani ya chipu kila sehemu hufanya kazi kwa kufuata pigo lake, tiki, tiki, mamilioni kwa sekunde. Wenye fani huliita saa, ingawa haimwambii mtu wakati. Ukisimamisha pigo, sehemu hiyo inalala na haili umeme. Programu yetu ya zamani ilikuwa ikiamka inawasha mapigo yote, kama mtu anayeingia nyumbani na kuwasha taa za vyumba vyote pamoja na stoo. Mimi na Faustin tulipewa kuiandika upya sehemu hiyo, ndani kabisa ya kiini cha programu, kwa kanuni mpya: hakuna anayepewa pigo bila kuomba. Kipimajoto kikitaka kupima, kiombe, kikimaliza, kirudishe. Simu vilevile. Tuligawana mafaili, tukaandika kwa miezi, tukabishana sana, na kifaa kikaanza kukaa siku kadhaa kwa betri ileile ndogo. Kila badiliko tulilijaribu kwa kubonyeza kitufe, na kila mara bodi ziliamka. Faustin alikuwa na umri wa kaka yangu mkubwa, alikulia Karagwe, na alikuwa mvumilivu wa ajabu. Nikikosea aliniambia, "Rudia kunieleza, mdogo wangu, maana mimi ndiye sijaelewa," na nikiwa katikati ya kueleza nililiona kosa mwenyewe.

Saa ya chakula cha mchana Mama Aline aligonga kijiko kwenye nondo za dirisha. "Hariiima! Chakura!" Alikuwa amejifunza Kiswahili chake Gitega, mtaa wa hapohapo Kigali, alikofanya biashara ya vitenge kwa miaka mingi, na L yake ilikwenda ilikotaka. Sikumbuki alivyoanza kuniita. Nilikuwa nimelipia chumba tu, chakula hakikuwamo kwenye makubaliano yoyote. Wiki ya kwanza aliniuliza kama nimekula, ya pili hakuuliza, aligonga tu. Nilikuwa na kiti changu mezani kwake, karibu na dirisha, chenye mguu mmoja mfupi uliowekewa kizibo. Tulikula ndizi za kupika na maharage, dodo, yaani mchicha wao, zilizokaangwa na vitunguu, Jumapili isombe, kisamvu chao, yenye mawese, na baada yake kikombe cha bati cha kivuguto, maziwa yao ya mgando. Alipojua mimi ni Mwislamu aliacha kununua nyama kwa mchinjaji wa karibu, akawa anateremka hadi Gitega kwa Mwislamu aliyemfahamu. Hakuniambia. Niligundua siku nilipomsikia kupitia ukutani akimwambia jirani kwa nini amechelewa kurudi. Nilikaa kitandani nikiwa na kiatu kimoja mkononi, nimefurahi mno hata sikujua la kufanya na furaha hiyo.

Basi asubuhi moja, wiki ambayo safari ya kwenda kwa ushirika ilikuwa inakaribia, alikuja akasimama kwenye mlango wa karakana. Hakuingia. Alikunja mikono mbele.

"Mwaramutse. Innocent, niko na ombi."

"Sema, Mama."

"Kwa kaka yangu Jumamosi wanakuja kuposa binti. Umeme ya hapa munaijua. Muziki ikizima mbere ya wageni, tutaona haya. Ire betri yenu kubwa, nawaomba ya siku moja tu."

Innocent hakufikiri hata kidogo. "Mama, nta kibazo. Jumamosi hatuko kwa kazi. Chukua." Na yeye mwenyewe akazima kila kitu, akafungua vibanio, akasaidia kuipakia betri kwenye toroli. Sote tuliona. Nilikwenda kwenye sherehe hiyo, nikala, nikawacheka wasemaji wa pande zote mbili, na muziki haukuzimika hata mara moja. Jumapili kaka yake Mama Aline aliirudisha betri ikiwa imefutwa vumbi. Kwa adabu hakutaka kuirudisha ikiwa imelala tu sakafuni, akaiweka mahali pake na kuirudishia vibanio mwenyewe.

Jumatatu hakukuwa na taa hata moja ya kijani juu ya mlango ule. Tulibonyeza vitufe, bodi baada ya bodi. Tukaunganisha kompyuta kwa waya tusome bodi inasema nini ikiamka. Ilitoa mistari miwili ya mwanzo tu, ikakoma. Innocent alipima betri, ikawa nzima. Alisimama na kipimo mkononi, shingo imemvimba.

"Amegeuza nyaya," alisema. "Yule kaka yake. Ameweka nyekundu kwa nyeusi, bodi zikaungua, kisha akaona kosa akarekebisha. Programu ni ileile ya Ijumaa. Ijumaa ilikuwa inaamka. Ni nini ingine imebadilika hapa? Betri ndiyo ilitoka, betri ndiyo ilirudi."

Na mimi, nakiri nilifikiri hivyohivyo, kwani yaliyobadilika yalikuwa hayo tu.

Kwa kuwa ukuta ni mwembamba, niliyasikia yaliyofuata jikoni nikiwa nimesimama chumbani kwangu. Innocent alikuwa anajitahidi kuwa mpole. "Mama, mimi sikatai, ni ubinadamu. Lakini kaka yako aliguza nyaya."

"Ariguza, yego. Nyekundu kwa nyekundu. Niriona na macho yangu."

"Mama..."

"Niriona, Innocent."

Ukafuata mlio wa sufuria ikifunikwa. Innocent akasema kwamba mwisho wa mwezi tutahama. Kama karakana itakuwa bado ipo, atatafuta chumba upande wa Sonatubes, kwenye jengo la ofisi lenye mlinzi, ambako hakuna mtu wa kugusa vitu. Mama Aline hakubisha. Aliuliza jambo moja tu: "Na Harima?"

"Halima ni mfanyakazi wangu. Ataenda na kazi."

Nikasikia maji yakimiminwa kwenye beseni, na vyombo vikioshwa ambavyo nilijua vilishaoshwa.

Mchana huo kijiko hakikugonga. Nilisubiri hadi nikaona aibu ya kusubiri, nikafungua mlango, nikakuta trei juu ya kigoda, imefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma. Ndizi, maharage, dodo, kila kitu kimepangwa vizuri kuliko siku zote, kama cha mgeni. Nilikula nimekaa kitandani. Kilikuwa chakula kilekile, mkono uleule, na nikakibakiza nusu. Kesho yake trei tena. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kupelekewa chakula kizuri hadi mlangoni na akajiona amefukuzwa. Ningependa kusema nilihuzunikia karakana au wafugaji na maziwa yao. Nilihuzunikia kile kiti chenye kizibo mguuni. Nilijua kwamba tukihama kwa namna ile, sitarudi kukikalia tena maishani.

Sasa, chumbani kwangu kulikuwa na bodi moja ambayo wenzangu walikuwa wameisahau. Ilikuwa ikipima joto la jagi la maziwa mabichi niliyoyaweka kwenye beseni la maji, jaribio langu dogo, na ilikula umeme wa betri ya pikipiki, mbali kabisa na ile ya lori. Ilikuwa na programu yetu mpya, niliyoiingiza humohumo chumbani bila kuichomoa, na ilikuwa hai. Nilibonyeza kitufe chake mbele ya Innocent, ikazimika, ikaamka, kitaa kikawaka.

"Si munaona!" alisema, na sikupenda alivyofurahi. "Hii haikuguzwa na ile betri. Iko nzima. Ilete karakana, tuilinganishe na zile zilizoungua, nimuonyeshe Mama vizuri."

Nilifungua vibanio. Nikaichukua bodi mkono mmoja na betri yake mkono wa pili, nikavuka ua, nikaviweka juu ya mlango, nikaviunganisha tena nyekundu kwa nyekundu na nyeusi kwa nyeusi. Kitaa hakikuwaka. Nilibonyeza kitufe, nikabonyeza tena.

"Umeiangusha?" Innocent aliuliza.

"Sijaiangusha."

Faustin alikuwa ameinamia kompyuta yake. Aliinua kichwa taratibu. "Halima, bodi hii ilikwenda kwenye posa?"

"Haikwenda popote. Ilikuwa chumbani."

"Na betri yake, ilikwenda?"

"Haikwenda."

"Kuna mtu wa posa aliyeigusa?"

"Ni mimi tu niliyeigusa, kaka. Sasa hivi. Nimeichomoa nivuke ua."

Akacheka, kicheko kidogo cha mtu aliyepata kitu alichokuwa amekikalia. "Basi Mama hana kosa," alisema. Innocent akamwambia asiwe na haraka. Faustin hakubishana. Aliingiza kwenye bodi ile programu ya zamani kwa kebo, ikaamka bila shida, kumbe haikuungua. Juu ya hiyo akaingiza programu mpya, akabonyeza kitufe, ikaamka vilevile. Kisha akafanya jambo ambalo katika chumba kile lilikuwa mwiko. Alichomoa waya, akasubiri kidogo, akaurudisha. Kimya. Akarudia kwa bodi nyingine, mojawapo ya zile "zilizoungua", na matokeo yakawa yaleyale. Innocent aliketi kwenye ndoo iliyogeuzwa.

Yaliyobaki yalikuwa kazi ya subira, na tuliifanya kwa raha isiyo na mfano. Tuliandika mstari mmoja wa kuwasha kile kitaa, tukauweka mwanzo kabisa wa programu, tukachomoa, tukachomeka. Kikawaka. Tukausogeza mbele kidogo. Kikawaka. Tukausogeza hivyo, kipande kwa kipande, hadi tulipofika mahali ambapo hakikuwaka, na hapo tukajua bodi inafia wapi. Ilikuwa inafia pale inapotaka kwa mara ya kwanza kupita kwenye njia kuu, njia ya ndani ya chipu ambayo sehemu zote huitumia kusemezana. Njia hiyo nayo ina pigo lake. Kipimajoto kiliomba pigo lake, simu iliomba lake. Njia kuu haikuombewa na mtu, kwa kuwa haikuwa ya mtu.

"Lakini mbona wakati wote ilikuwa inaamka?" Innocent aliuliza.

Faustin alivua miwani. Nikajua sasa tutaelezwa. "Ni kama posa," alisema. "Kijana na binti wameshapatana. Kadi zimechapwa, ofisi ya sekta wameshapita, mtaa wote unajua. Hata hivyo siku ya siku lazima mtu wa upande wao asimame mbele ya watu aseme, tumekuja kuomba. Asiposema anarudi mikono mitupu. Sisi njia kuu tumeikuta iko wazi, imeachwa wazi na programu ya zamani. Kile kitufe hakiifungi, kinaanzisha programu tu. Na umeme hatukuwahi kuukata hata siku moja, kwa ajili ya betri yetu nzuri. Tukapita tu miezi yote hiyo, tukadhani ni yetu. Siku betri ilipotoka, ndipo chipu ikalala usingizi wa kweli. Ilipoamka ikatuuliza, nyinyi mliomba lini?"

Innocent alitazama chini ya meza, kwenye betri. Kisha akasema jambo ambalo lilinifanya nimpende tena. "Na katika hii nyumba yote, mtu mmoja tu ndiye alikuja akasimama mlangoni akaomba. Ndiye nimemhukumu."

Mstari wa kuombea njia kuu ulikuwa mmoja na mfupi. Tulipouandika tulichomoa vibanio vya betri kubwa sisi wenyewe, mchana kweupe, taa zote zikafa, na tuliporudisha zikawaka moja baada ya nyingine hadi mwisho wa ule mlango. Hata leo, nikiona vijana wangu wamechomoa waya na kusubiri wameshika pumzi, huwa naona safu ile ya kijani. Kifaa kilikwenda kwa ushirika wiki hiyohiyo, kikafungwa, na walipozima swichi kuu makusudi, kilipiga simu. Karakana haikufungwa, na hatukuhama. Nilikaa nyumba ile miaka mingine mitatu. Lakini hayo ya ushirika niliyasikia kutoka kwa Faustin aliporudi, kwani mimi sikwenda nao. Na kabla ya hayo yote kulikuwa na jambo la trei.

Innocent alikwenda jikoni asubuhi ileile tuliyomaliza, amebeba kreti ya Fanta begani. Nilimsikia akisema aliyotakiwa kusema, bila kukata kona, na akayasema mara mbili. Mama Aline alimjibu, "Weka hapo. Nimesikia." Nikadhani yamekwisha. Mchana ukafika, nikasubiri kijiko. Nilisikia sahani, nikasikia kiti kimoja kikivutwa, na nilipofungua mlango trei ilikuwa juu ya kigoda, na kitambaa chake cheupe. Hapo nilikasirika, kisha nikaelewa. Kumtangaza mtu hana kosa si sawa na kumrudishia nyumba yake jinsi ilivyokuwa. Alikuwa ameambiwa mimi ni mfanyakazi, nitakwenda na kazi. Alikuwa ananilisha kama mtu atakayekwenda.

Na nikafikiri juu ya kiti kile. Nilikikuta kiko wazi, nikakikalia. Sikuwahi kukiomba.

Nilinawa, nikajifunga khanga safi. Trei niliiacha palepale. Jagi la maziwa lilikuwa bado kwenye beseni. Tangu nilipochomoa bodi hakuna aliyeyapima, na yalikuwa yameganda vizuri, mazito, yakinukia ule uchachu mtamu. Nililibeba kwa mikono miwili, nikazunguka mbele ya nyumba, nikapiga hodi kwenye mlango ambao kwa kawaida niliingia bila hodi.

"Karibu." Alikuwa mezani peke yake. "Trei ungeacha hapo tu, nitaichukua."

"Sikuja kwa ajili ya trei, Mama. Nimekuja kuomba."

Kijiko chake kikasimama. "Kuomba nini?"

Nikajitahidi kuifanya sauti yangu nene kama ya wale wasemaji wa posa. "Tumetoka mbali, Mama, tumefika salama. Tumesikia kwamba katika nyumba hii kuna kiti. Kiko karibu na dirisha. Mguu wake mmoja ni mfupi, lakini sisi tumempenda hivyohivyo."

Aliisogeza sahani yake pembeni. Nikadhani nimekosea, nimefanya mzaha mahali pasipostahili. Kisha akafuta mikono taratibu, akaketi wima, akakunja mikono juu ya tumbo kama mkuu wa familia.

"Nani aliwaambia? Hapa hakuna kiti ya namna hiyo."

"Majirani walituambia."

"Mumekosea njia. Mujaribu kwa jirani."

"Kwa jirani tumepita. Wametuelekeza hapa."

"Mbega! Na munaleta nini? Ng'ombe ngapi?"

"Ng'ombe wako njiani, Mama, wametanguliza maziwa."

Nikaliweka jagi mbele yake. Alifungua, akanusa, akamimina kidogo kwenye kikombe cha bati, akaonja, akaonja tena. Midomo ilikuwa inamcheza na macho yamelowa, na hakuyafuta. "Haya ni mazuri," alisema. "Uriyafanya nini?"

"Sikuyafanya kitu. Niliyaacha tu, siku mbili hizi."

Akainuka. Nilidhani anakwenda kuchukua sahani. Badala yake alipita pembeni yangu na kijiko mkononi, akafungua dirisha, akagonga nondo kwa nguvu hadi fundi wa jengo la jirani akageuka kutazama.

"Hariiima!" aliita, akiuelekea ua mtupu, na mimi nimesimama nyuma yake. "Chakura!"

"Nakuja, Mama," nikasema.